Usinunue bodi ya oveni kabla hujapima sensa

Kioo cha oveni ya Frigidaire kikiandika msimbo wa hitilafu F30, kauli inayosikika kwanza ni kwamba bodi (saketi ya elektroniki inayoendesha oveni) imekufa, inunuliwe nyingine. Mara nyingi si kweli. F30 inasema kwamba bodi imetafuta sensa ya joto ikakuta njia imekatika. Huenda sensa ndiyo imekufa, waya umeungua mahali, au plagi imelegea nyuma ya oveni. F31 ni kinyume chake: njia ya sensa imepigana shoti. Msimbo hutaja kile bodi ilichokiona. Kipuri kilichoharibika unakitafuta mwenyewe kwa mita, na sensa huuzwa kwa bei ndogo sana ukilinganisha na bodi.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, zima umeme kwenye swichi ya ukutani au breka ya jiko. Kitufe cha oveni hakitoshi, kwa sababu bodi hubaki na umeme hata kioo kikiwa giza. Subiri dakika 5 hivi ili kapasita (vipuri vya bodi vinavyohifadhi umeme) zimalize chaji, kisha washa na utazame msimbo unarudi baada ya muda gani. Usiporudi kabisa, basi huenda ilikuwa programu iliyokwama baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, jambo ambalo kwetu halihitaji maelezo. Ukirudi papo hapo oveni ikiwa baridi, fikiria sensa, vitufe au bodi. Ukirudi baada ya dakika 15 au 20 za kupasha moto, kuna kitu kinachobadilika kwa joto: lehemu iliyopasuka, waya unaogusa chuma ukitanuka, au feni ya kupoza ambayo haizunguki.

Sasa sensa. Ni kile kijiti chembamba cha chuma kilichojitokeza ukutani ndani ya oveni, kwa kawaida juu nyuma. Nyingi ni za platini, aina ya Pt1000 au Pt500. Zima umeme, chomoa plagi yake, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme). Pt1000 nzima husoma omu 1,000 kwenye nyuzi 0, karibu 1,097 kwenye nyuzi 25, na 1,385 kwenye nyuzi 100. Pt500 ni nusu ya hizo, kwa hiyo ukipata 549 chumbani usiitupe ukidhani imekufa. Kisha pima kutoka kila waya wa sensa hadi mwili wa chuma wa oveni. Hapo mita isionyeshe njia yoyote.

Kipimo cha chumbani peke yake hakitoshi, maana kuna sensa zinazosoma vizuri zikiwa baridi na kupotea zikipata moto. Itoe, tumbukiza ncha yake ya chuma kwenye maji yanayochemka (ncha tu, upande wa waya ubaki mkavu) na usome tena. Dar es Salaam au Mombasa utapata karibu 1,385. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo 1,365 hivi ni jibu sahihi kule. Tikisa waya wakati unapima. Namba ikirukaruka, umepata mgonjwa wako. Sensa ikiwa nzima, rudia kipimo hichohicho ukiwa upande wa plagi ya bodi. Namba zikitofautiana, tatizo liko kwenye waya wa katikati. Ukanda wa pwani chunguza plagi kwa makini: hewa ya chumvi huacha kutu ya kijani kwenye pini, na kutu hiyo huongeza omu mpaka bodi ikaamini oveni ina moto kuliko ilivyo.

Msimbo wa vitufe ni kesi nyepesi zaidi. F11 kwa Frigidaire, SE (kwenye vioo vingine huonekana kama 5E) kwa Samsung, na E011 kwa Bosch, zote zinasema kuna kitufe kinachosomeka kama kimebonyezwa muda wote. Sababu huwa mvuke, mafuta, au mtu aliyenyunyizia dawa ya kusafishia moja kwa moja kwenye paneli. Dawa inyunyizwe kwenye kitambaa. Acha paneli ikauke, ikiwezekana usiku kucha, umeme ukiwa umezimwa. Ikishindikana, fungua, chomoa ule utepe wa nyaya unaotoka kwenye vitufe, safisha ncha zake kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, irudishe ikiwa kavu.

F10 ya Frigidaire ndiyo usiyoichezea. Maana yake joto limepanda kupita kiasi. Zima kwenye breka. Kama sensa imepimwa na ni nzima, mshukiwa ni rilei kwenye bodi (swichi inayoendeshwa na umeme) ambayo midomo yake imeshikana, hivyo elementi, yaani waya wa kupasha moto, inaendelea kuwaka hata ukizima oveni. Umeme ukiwa umekatwa na waya wa elementi umechomolewa, pima midomo ya rilei: ikisoma omu 0 au karibu na hapo, imeganda. Fundi mzuri wa elektroniki hubadilisha rilei peke yake, mradi volti za koili na ampea za midomo zilingane na ya zamani. Pima na elementi pia, kwa sababu yenye shoti itaiua rilei mpya. Ya wati 2,000 kwa volti 240 husoma karibu omu 29.

Kwa oveni nyingi za AEG na Electrolux, kitabu chenyewe kinatatua mengi. F111 ni plagi ya kipimajoto cha nyama haijaingia vizuri. F102 ni mlango haujafungwa sawasawa au kufuli lake ni bovu. F240 na F439 zinataka usafishe kioo cha kugusa. F601 ni mtandao wa Wi-Fi, haihusiani na upishi hata kidogo. F908 ni mfumo kushindwa kuwasiliana na paneli, na hatua ya kwanza ni kuzima na kuwasha.

Oveni iliyokuja kwenye kontena kutoka Marekani ina matatizo yake. Imetengenezwa kwa laini mbili za volti 120 na nyutro katikati, na mara nyingi taa na bodi hula 120 peke yake. Fundi akiiunga kwa laivu na nyutro zetu za volti 230 au 240 bila kusoma mchoro, bodi inaweza kuungua siku hiyohiyo. F9E0 ya Whirlpool hutokea oveni ikihisi imeungwa vibaya. Na saa inayohesabu mizunguko ya umeme wa hezi 60 itachelewa dakika 10 kila saa kwenye hezi 50 zetu. Usibadilishe kitu kwa ajili hiyo.

Volti ndogo nayo hudanganya. Umeme ukishuka kutoka 230 hadi 180, elementi hutoa takriban asilimia 61 tu ya nguvu yake. Baadhi ya oveni hutoa msimbo kwa sababu joto halikupanda kwa wakati. Pima umeme wa soketi jioni, wakati mtaa mzima unapika.

Ikibaki bodi kweli, piga picha ya kila plagi kabla ya kuchomoa, na nakili namba kamili ya modeli iliyo kwenye kibandiko, kwa kawaida ukingoni mwa mlango. Muulize muuzaji kama bodi inakuja na programu ya modeli hiyo ama inahitaji kupangiliwa, kwa kuwa kuna bodi zinazofanana kwa sura, moja ni ya oveni yenye feni na nyingine ya isiyo na feni, na ukikosea utawekeza pesa kisha upokewe na msimbo mwingine.