Simenti inatulipa? Nilivyolijibu swali la dada kwa Excel

Dada yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Sakina, Arusha, kando ya barabara ya Namanga, nami namsaidia hesabu. Alitaka kupandisha bei ya simenti. "Mdogo wangu, mifuko tunabeba kutwa, faida siioni," aliniambia. Sikutaka kumjibu kwa kukisia.

Nilianza na umbo la daftari la mauzo ndani ya Excel. Kila bidhaa iliyouzwa ina mstari wake: tarehe, risiti, bidhaa, idadi, bei ya kuuzia, yaani safu A hadi E. Hakuna jumla katikati, hakuna seli zilizounganishwa, wala shiti ya kila mwezi. Shiti za miezi zinapendeza macho, ila zinaipa fomula kazi ya bure, na shiti moja ya Excel ina mistari 1,048,576. Kwa duka kama letu inatosha kabisa.

Tarehe zilihitaji uangalifu kuliko kitu kingine. Laptopu ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza. Ukiandika 05/04/2025 ukimaanisha Aprili, inaisoma kuwa Mei 4, kimyakimya. Ukiandika 13/04/2025, inaiacha kama maandishi kwa sababu hakuna mwezi wa 13. Kama hujagusa mpangilio wa seli, maandishi yatakaa kushoto na tarehe halali kulia. Wengi hukimbilia kurekebisha za kushoto, lakini hizo angalau zinajitangaza. Za kulia ndizo zinazopotosha. Nilibadilisha mpangilio wa tarehe kwenye Windows kabla ya kuingiza chochote.

Majina ya bidhaa niliyafunga kwa orodha ya kuchagua, kwa Data Validation, sehemu ya Excel inayozuia kuandika kisichokuwemo kwenye orodha. Kwa SUMIFS, fomula ya kujumlisha kwa masharti, herufi kubwa na ndogo hazina tofauti, lakini "Simenti" yenye nafasi tupu mwishoni inahesabiwa kuwa bidhaa nyingine. Na kwa kuwa kila kitabu cha risiti kinaanza upya 001, tuliweka herufi ya kitabu mbele: A-001, B-001.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye bei ya kununulia. Bei ya simenti hupanda na kushuka. Ukiwa na orodha moja ya bei unayoivuta kwa VLOOKUP, fomula ya kutafuta kwenye jedwali, siku utakayoandika bei mpya, faida ya miezi iliyopita nayo inabadilika. Kwa hiyo nilitenga shiti ya Manunuzi yenye tarehe, bidhaa na bei, ikipangwa kwa tarehe, kisha kwenye safu F ya mauzo nikaweka:

=LOOKUP(2,1/((Manunuzi!$B$2:$B$500=C2)*(Manunuzi!$A$2:$A$500<=A2)),Manunuzi!$C$2:$C$500)

Mstari unaotimiza masharti yote mawili unatoa 1. Usiotimiza unatoa kosa la kugawanya kwa sifuri, na LOOKUP huyaruka makosa. Inatafuta 2 ambayo haipo, hivyo inaishia kwenye 1 ya mwisho, yaani bei ya mzigo wa karibuni kabla ya mauzo yale. Naipenda sana fomula hii, na inakubali hata kwenye Excel za zamani zisizo na XLOOKUP, fomula mpya zaidi ya kutafuta. Faida ikawa safu G: =(E2-F2)*D2.

Jedwali la pivoti, linalojumlisha mistari kwa kila bidhaa, likampa dada haki yake: kwa kila mfuko, faida ya simenti ni ndogo mno. Lakini nikataka kujua anayenunua simenti anaondoka na nini kingine. Safu H:

=COUNTIFS($B:$B,B2,$C:$C,"Simenti")>0

Hii inaweka alama kwenye kila mstari wa risiti yenye simenti. Kisha nikajumlisha faida ya vitu visivyo simenti kwenye risiti hizo:

=SUMIFS(G:G,H:H,TRUE,C:C,"<>Simenti")

Misumari, waya wa kufungia nondo, makoleo. Faida yake kwenye risiti hizo ilizidi ya simenti yenyewe. Dada alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe simenti ndiyo inayowaleta."

Nilimwambia tusiende mbali hivyo. Hesabu inaonyesha vitu hivi vinanunuliwa pamoja. Haisemi kama wateja wangehama tukiongeza bei. Tukakubaliana bei ya simenti ibaki, waya na misumari visogezwe karibu na mizani, na safu H tuiangalie kila mwisho wa mwezi. Sasa anataka na wanaochukua kwa mkopo wahesabiwe hivyohivyo, kwa hiyo nimeongeza safu ya malipo.