Siku moja maishani mwangu: kuongoza bagi kwenye mchanga mwekundu wa Lahbab

Saa 11:00 alfajiri

Januari jangwani ni baridi. Ukishika fremu ya bagi, lile gari dogo la wazi la kupandia vilima vya mchanga, kwa mkono mtupu, unaurudisha mfukoni mara moja. Lahbab iko kando ya barabara ya Dubai kwenda Hatta, mwendo wa dakika 45 hivi kutoka katikati ya mji, na wekundu wa mchanga wake ni kama wa kutu: chembe zimevikwa oksidi ya chuma. Wageni bado wamelala hotelini. Saa hizi ni za tochi, spana na geji ya upepo.

Bagi zetu nyingi ni Polaris RZR, injini ya cc 999 yenye silinda mbili na nguvu ya farasi 110. Haina gia za kupandisha na kushusha ukiwa mwendoni kama gari la gia za mkono, ina ya juu, ya chini na rivasi tu. Puli mbili na mkanda wa mpira ndivyo vinavyopeleka nguvu nyuma. Ushike huo mkanda akilini, maana siku nzima inauzunguka.

Tunaanza na tairi. Upepo hupimwa zikiwa baridi: PSI 10 hadi 12. Ukiacha 18, tairi inabaki ngumu na kuchimba badala ya kutandaa. Ukishuka hadi 6 bila ringi za kubana ukingo wa tairi, kona moja kali inaichomoa kwenye ringi, na asubuhi yako imeishia hapo.

Halafu nati. Kila nati muhimu ina mstari wa rangi nyeupe unaotoka kwenye nati hadi kwenye bolti yake. Mstari ukivunjika, nati imezunguka, huhitaji kubahatisha. Bagi inapandishwa jeki, tairi inashikwa juu na chini na kutikiswa. Ikicheza, ni beringi au boljointi. Ikicheza kushoto na kulia, angalia tairodi, fimbo inayogeuza tairi. Oili, kulanti (maji ya kupoza injini), breki, kisha filta ya hewa, ambayo kwa mazingira haya hukaguliwa kila siku bila kujali kitabu cha gari kinasema nini. Tangi la lita 36 hujazwa hadi juu, kwa sababu mgeni mwenye mguu mzito anaweza kunywa robo hadi theluthi yake kwa saa moja ya mchanga.

Mwisho ni bendera. Ule mti mrefu wenye kitambaa nyuma ya bagi si pambo. Kati ya vilima viwili, ndicho kitu pekee kinachomwambia mwenzako kwamba upo upande wa pili. Bagi isiyo na bendera haitoki.

Saa 12:15 asubuhi

Mmoja wetu anatangulia kukagua njia, na hili ndilo jambo ambalo wageni hawalioni kabisa. Upepo wa usiku huhamisha mchanga. Mgongo wa kilima uliopitika jana leo unaweza kuwa umekatika wima kama ukuta.

Kilima cha mchanga kina pande mbili zisizofanana. Upande unaopigwa na upepo umelala na mchanga wake umeshindiliwa. Upande wa nyuma umesimama nyuzi 32 hadi 34 hivi, na ni laini, kwa sababu hiyo ndiyo pembe ambayo mchanga mkavu huanza kujimwaga wenyewe. Njia ya mgeni hupanda upande wa upepo na kushuka upande wa nyuma. Ikikulazimisha kufanya kinyume, itafutwe nyingine.

Vitu vingine vya kukwepa: vichuguu vya mchanga vilivyojikusanya kwenye vichaka, kwa kuwa ndani vina mizizi na ni vigumu kama tofali, tairodi nyingi hupindia hapo. Miti ya ghaf, mti wa taifa wa nchi hii, hupewa nafasi kubwa. Ngamia nao wana wenyewe, hata wakionekana wanazurura. Na sabkha, ile ardhi tambarare yenye ganda la chumvi: juu inaonekana kavu, chini ni tope.

Saa 1:30 asubuhi

Jua limechomoza, wageni wanafika. Kandambili zinabaki kwenye gari lao, ni viatu vya kufunika tu. Kilemba au buffu ya kufunika pua na mdomo, miwani ya vumbi, helmeti. Leseni huulizwa na baadhi ya kampuni tu, na umri wa chini wa kuendesha hutofautiana, kwa hiyo uliza unapoweka nafasi. Sisi huuliza matatu: mgongo, ujauzito, pombe. Mwenye tatizo la mgongo hakai kwenye bagi hata kama abiria, kwa kuwa bagi ikiruka na kutua kwa tumbo, kishindo hupanda moja kwa moja kwenye pingili za uti. Kuna wanaoficha, wakidhani tunawabania raha.

Mkanda wa kiti ni wa pointi nne na karibu kila mtu huufunga kwa mpangilio mbaya. Anza na kiuno: ulale chini, juu ya mifupa ya nyonga, ukaze. Ndipo uvute wa mabegani. Ukianza na mabega, mkanda wa kiuno unavutwa kupanda tumboni, na bagi ikibiringika utabana mahali laini.

Saa 2:00 asubuhi

Maelezo, dakika 20. Siwezi kuyafupisha hata wageni wakianza kupiga miayo.

Mikono na miguu ndani, wakati wote. Bagi ikilala ubavu, mwili humwambia mtu atoe mkono auzuie. Mkono huo ndio unaokwenda chini ya bomba la fremu. Dereva ashike usukani, abiria ashike kishikio, basi.

Ishara: ngumi juu, simama. Kiganja kikishuka taratibu, punguza. Nikisimama juu ya mgongo na kunyoosha mkono upande mmoja, pita huko. Hujaniona upande wa pili, hupandi.

Wageni wa kutoka nyumbani Afrika Mashariki ninawatenga pembeni dakika mbili zaidi, kwa sababu mbili. Kwanza, usukani uko kushoto. Aliyezoea kukaa kulia anapima vibaya upana wa upande wa abiria, na tairi za kulia ndizo zinazogonga vichuguu. "Kaka, wewe ni dereva mzuri, ila leo gari lako lina upande mmoja usioujua." Pili, matope. Aliyejifunza kwenye njia za masika amefundishwa kwamba gari likianza kukwama aongeze mafuta, tairi zitapike tope na kupata meno. Kwenye mchanga, tairi ikizunguka bila kusogea inachimba kaburi lake. Tabia hiyo ni ngumu kuivua, na dereva mzoefu huteseka nayo kuliko asiyewahi kushika usukani.

Saa 2:30 asubuhi

Msafara wa kwanza, bagi tano. Mimi mbele, mwongozaji mwenzangu mkiani, redio koli kwa kila mmoja wetu. Mwenye wasiwasi zaidi huwekwa nyuma yangu kabisa, sio mwisho: hapo ninamwona kwenye kioo, naye anafuata alama mbichi za tairi zangu. Huu ndio wakati bora wa siku. Umande na ubaridi wa usiku bado umeushika mchanga, bagi inaelea.

Kupanda: kasi ichukuliwe chini, kabla ya mwinuko, kisha mguu utulie. Ukikaribia mgongo, achia kidogo ili uvuke kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Hapa ndipo makosa mawili makubwa yanapotokea. Anayeachia mapema anakwama pua ikiwa juu. Anayechelewa kuachia anaruka asichokiona. Nguvu ikikuishia katikati, usikate kona. Simama, tia rivasi, rudi moja kwa moja kwenye alama zako. Kugeuza bagi katikati ya mwinuko ndiyo njia ya haraka ya kuilaza.

Kushuka: pua ielekee chini, wima. Kama nyuma inaanza kuteleza ubavu, elekeza usukani bondeni na uguse mafuta kidogo. Kila kiungo chako kitakuomba ufunge breki na ugeukie juu, usikisikilize. Na usiachie mafuta yote, maana kwenye bagi nyingi injini ikirudi sailensa, yaani ikiunguruma tu bila mafuta kukanyagwa, puli zinauachia mkanda, na gari linabaki linaserereka kama kitoroli.

Kusimama: acha bagi ife mwendo yenyewe. Breki hujenga kilima kidogo cha mchanga mbele ya kila tairi. Egesha pua ikitazama mteremko, ili kuondoka kuwe rahisi.

Saa 4:30 asubuhi

Msafara wa pili, njia ileile, ardhi nyingine. Jua limekausha umande na pale tulipopita tukicheka saa mbili zilizopita tairi zinazama. Hapa redio huanza kuongea.

"Namba tatu amekaa."

"Anakanyaga?"

"Anakanyaga."

"Mwambie aondoe mguu."

Kukwamua si kazi ya nguvu. Mguu utoke kwenye mafuta mara tu gari linapoacha kusogea. Kila sekunde ya ziada huongeza kina. Abiria ashuke. Chuchumaa uangalie chini ya bagi: kama bamba la tumbo limelala juu ya mchanga, tairi hazina uzito wa kushika kitu, na hakuna mafuta yatakayosaidia. Ondoa mchanga chini ya tumbo kwanza kwa koleo, kisha nyuma ya tairi zote nne, ukitengeneza mteremko mdogo. Weka swichi ya tairi zote nne kuvuta, kisha rivasi. Kwa nini nyuma? Kwa sababu nyuma kuna njia uliyokwishaishindilia. Ikisogea nusu mita, simama, halafu rudi tena kidogo, hadi ufike pagumu. Ikishindikana ndipo kamba inatoka, inafungwa kwenye ndoano ya fremu na kamwe si kwenye mkono wa shokapu, na kila mtu husogea mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe.

Mara tisa kati ya kumi mgeni angetoka mwenyewe kama angeondoa mguu mapema. Hilo ni kadirio langu, lakini sioni aibu kulisimamia.

Saa 6:00 mchana

Mafuta, maji, sala, wali. Mwanga wa mchana hupunguza vivuli, na bila kivuli huoni ukingo umekatikia wapi, kwa hiyo saa hizi tunapeleka wachache na kwa njia rahisi. Miezi ya kiangazi, joto likipita nyuzi 40, hatutoki kabisa mchana.

Saa 8:00 mchana

Harufu ya mpira ulioungua. Huhitaji kuuliza, ni mkanda. Mteja alipanda mwinuko mrefu polepole akiwa kwenye gia ya juu, puli ikawa inausugua mkanda badala ya kuushika, joto likapanda. Dalili huja kwa mpangilio: harufu, kisha injini inalia bila gari kuongeza mwendo, kisha kishindo na nyuzi nyeusi zinatoka kwenye tundu la hewa. Ukiacha kwenye harufu, ukasimama na kuiacha bagi ipoe, mara nyingi mkanda unapona. Gia ya chini ni kwa mwendo mdogo na mzigo mkubwa, na ya juu ni kwa mwendo wa kuelea. Ndiyo siri yote.

Ukikatika, kuubadilisha huchukua kama nusu saa, pamoja na dakika za kusubiri mfuniko upoe. Fungua skrubu za mfuniko, tanua puli ya nyuma kwa kifaa chake, toa mabaki. Kisha, na hapa ndipo wenye haraka hukosea, safisha kila uzi uliojisokota kwenye puli na kwenye mrija wa hewa ya kupoza. Uzi mmoja ukibaki huko, mkanda mpya hautamaliza wiki. Mshale wa mkanda utazame upande unaozunguka. Kilomita 80 za kwanza ni za mwendo wa kistaarabu, kwa hiyo bagi hiyo haiendi tena kwa mgeni siku hiyo, mwongozaji ataiendesha.

Saa 10:00 jioni

Safari ya machweo, inayogombaniwa kuliko zote. Vivuli vimerudi, kila mgongo unaonekana kama umechorwa kwa penseli. Ubaya wake ni jua la machoni ukielekea magharibi, basi njia yangu ya jioni hupanda kwa kuelekea kusini na kaskazini. Miwani ikijaa vumbi ipulize, usiifute kwa kiganja, mchanga huikwaruza. Picha zinapigwa injini zikiwa zimezimwa, na hakuna anayesimama chini ya mgongo ambao bagi nyingine inaweza kuuvuka.

Kabla ya saa 12:00 jua linazama. Huwa tumeshageuza pua.

Saa 1:00 usiku

Bagi zinasafishwa kwa kompresa, si kwa maji, maana mchanga uliolowa hujibandika kwenye viungo. Filta hupulizwa kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza kutoka nje unausukuma mchanga ndani zaidi. Mikanda ya viti inavutwa urefu wake wote, kwani mchanga hupenda kujificha kwenye vifungo. Kisha fundi anaandika kwenye ubao wa funguo: namba 2, boljointi ya kushoto mbele, iangaliwe. Namba 4, mkanda mpya, kilomita 11. Isipewe mgeni.