Nilivyofufua kisu changu cha kubebeshea baada ya grenda kukiua

Kisu chenyewe ni cha kukunja, cha kutia mfukoni, kimetengenezwa kwa mkono na mzee mmoja mhunzi huko Mamba, ukipanda kama unaelekea Marangu. Wachagga wa kule wamefua chuma tangu enzi za mikuki. Bapa ni spring ya gari, mpini mpingo, na makali yako upande mmoja tu, upande wa pili umelala kama kioo, maana nilimwambia mapema nakitaka kwa kubebesha miche ya parachichi. Nilimlipa elfu ishirini na tano hivi, labda thelathini ukihesabu na soda.

Kwenye kubebesha kazi yote iko kwenye mkato. Unachonga kikonyo, yaani kijitawi cha parachichi aina ya Hass, kama kabari, unapasua mche wa kienyeji ulionenepa kama penseli, unachomeka, unafunga nailoni. Kile kijani cha chini ya gome kinatakiwa kigusane na mwenzake, sasa kisu butu hakikati, kinasaga, na kilichosagwa kinakauka tu. Msimu ule kisu kilipoanza kuchoka, katika miche mia, iliyoshika haikufika hamsini, na mimi nalaumu jua, nalaumu nailoni, nalaumu hadi aliyeniuzia vikonyo. Nikaja kuelewa siku kiliteleza kwenye kikonyo kigumu kikaingia kwenye dole gumba, nyuzi tatu dispensari.

Ushauri ukaanza kumiminika. Mmoja nolea kwenye ngazi ya sementi, mwingine kichemshe kwanza kwenye maji (sijui kiive?), na wengi wao peleka kwa grenda, dakika mbili tu. Nikaenda kwa jamaa mmoja wa gereji hapa mjini Moshi, jina naliacha. Cheche ziliruka kama fataki za mwaka mpya na mimi nimesimama pembeni najisikia raha, nikijua cheche nyingi ndo makali mengi. Akanirudishia kisu ukingo wake una bluu inayong'aa kama shingo ya njiwa. Tena nikamwambia, fundi, umekipendezesha. Nikalipa buku mbili na asante juu.

Mche wa kwanza kilikata kama wembe, wa pili sawa, kufika wa tano kinatafuna. Nikanoa, kikatafuna tena. Wiki nzima nanoa kila jioni mpaka mama watoto akauliza kama nimepokea posa ya mtu.

Nikapanda boda kurudi Mamba. Mzee alikiangalia mara moja tu akacheka, akaniita kijana wangu, nani amekichoma hiki? Nikasema, shikamoo Meku (ndo mzee kwa Kichagga), ni mimi na ujinga wangu. Akanieleza kuwa ile bluu ni chuma kimepata moto mwingi, na kwa hesabu za kitaalamu ukiona bluu ujue kimefika kama digrii 300, hapo ugumu umeshapungua, unoe usinoe makali hayakai. Na ukingo ni mwembamba, grenda inaupasha kwa sekunde chache tu wakati bapa lingine bado la baridi, ndo maana hujui mpaka rangi ije.

Akang'oa riveti, ile pini inayoshika bapa na mpini, akachoma bapa kwenye makaa. Hapa ndo nilifurahi kama mtoto: ana sumaku ya spika mbovu ameining'iniza kwa waya, kila bapa likizidi kuwa jekundu anaisogeza, ikinata anarudisha motoni, ilipogoma kunata akalizamisha haraka kwenye mafuta. Chuma kikifika kama digrii 770 sumaku hainati tena, na mzee huyu hana kipimajoto wala haoni kwa nini awe nacho, anapita hapo kidogo tu basi. Akapitisha tupa, tupa ikateleza bila kung'ata, ujue chuma kimekuwa kigumu. Nikanyoosha mkono nichukue mali yangu, akanipiga kofi la mkono, sasa hivi kikidondoka kinavunjika kama glasi. Akalisugua bapa ling'ae, akaliweka juu ya chuma cha moto ili ugumu ulegee kidogo lisivunjike, tukakaa tunalitazama mpaka likawa na rangi ya majani makavu, kama digrii 200 na kitu, akaliondoa.

Wakati wa kugonga riveti mpya akaweka kipande cha karatasi kati ya bapa na mpini, alipomaliza akakichomoa. Bila karatasi hiyo riveti inabana mpaka kisu hakifunguki. Hii nimeiiba, nafanyia hadi mikasi ya nyumbani.

Kunoa sasa nafanya mwenyewe. Kioo cha dirisha lililovunjika, msasa wa maji namba 400, 1000 na 2000 kutoka duka la rangi za magari, buku au chini ya hapo kwa karatasi. Ukilowesha unajigandisha wenyewe kwenye kioo. Mwanzo nilikuwa nahisi tu mlalo wa mkono, matokeo ni makali ya duara kama mgongo wa kijiko. Kilichoniokoa ni maka peni ya mtoto wa darasa la tatu. Unapaka wino mweusi kwenye mteremko wote wa makali, unapitisha kisu kwenye msasa mara mbili tu, unaangalia. Wino umetoka juu karibu na mgongo, umelaza kisu sana. Umetoka kwenye ncha ya makali tu, umekiinua sana. Ukitoka wote, shikilia hapo hapo na usiongee na mtu. Mlalo wenyewe niliupata kwa kona ya karatasi, ikunje katikati unapata digrii 45, kunja tena 22 na nusu, mimi nashuka chini ya hapo kidogo.

Noa upande wa mteremko mpaka upande wa pili kidole kihisi kaukingo kama uzi kamejikunja. Kasipokuja hujamaliza, usidanganywe na kung'aa. Kakija, laza ule upande bapa kabisa, uvute mara mbili tatu kukang'oa. Usiuinue hata chembe!

Mwisho mkanda wa ngozi na dawa ya meno kidogo. Kisu kinavutwa kurudi nyuma, mgongo ukitangulia. Mimi siku ya kwanza nilisukuma makali mbele kwa nguvu zote na mkanda wangu wa kanisani, ngozi halisi ya mitumba ya Kiboriloni, ukawa vipande viwili. Jumapili ile niliimba kwaya huku nimeshika suruali.

Ah na spring ya gari inapata kutu, halafu utomvu wa parachichi unaliweusha bapa. Nafuta kwa spiriti kati ya mche na mche, jioni napaka mafuta ya kula. Jiki nilijaribu mara moja, kesho yake kisu kilikuwa kimeota madoa ya kahawia.

Msimu huu imeshika themanini na kitu kwa mia, na mkono wangu wa kushoto hauna nywele kwa kujaribia makali. Ila juzi nimemkuta mama watoto anafungulia kopo la rangi na kisu hicho hicho, kwa hiyo hapa nilipo natafuta maka peni, mtoto ameificha.