Beit al-Ajaib Imeniuma

Anayerudi Unguja kwa boti kutoka Dar es Salaam, akiwa ni mtu aliyekulia Mji Mkongwe, huanza kuutafuta kwa macho mnara wa saa wa Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, kabla boti haijafunga gatini. Safari hii sikuuona. Habari nilizipata ugenini tangu tarehe 25 Desemba 2020, siku upande wa mbele wa jumba ulipoporomoka pamoja na mnara huku ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Lakini kusikia si kuona, na nilipofika Forodhani nikakuta uzio wa mabati mahali tulipokuwa tukipita kila jioni, nilisimama pale muda mrefu nisijue niende wapi.

Sultani Sayyid Barghash alilijenga jumba hilo mwaka 1883 kwa ajili ya shughuli za heshima za utawala wake, nalo lilikuwa la kwanza Zanzibar kupata taa za umeme. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliivunja Beit al-Hukm, kasri iliyokuwa jirani, lakini jumba letu likabaki limesimama. Ndiyo maana ninaona uchungu. Lililohimili mizinga limeangushwa na miaka ya kutotunzwa, wala hatuwezi kusema hatukuonywa, kwa sababu sehemu ya roshani ilikwisha kuanguka mwaka 2012.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliowalazimisha mafundi kujenga vyumba virefu na vyembamba. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu na kuutoa. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hukwama ndani na kuula ukuta taratibu. Huko Kiponda niligusa ukuta uliotengenezwa kwa saruji, na kipande kikabanduka mkononi mwangu. Nyuma yake chokaa ya zamani ilikuwa imekwisha kuwa unga. Mwenye nyumba anayetaka kukarabati amtafute fundi wa chokaa, hata kama ni ghali zaidi na kazi itachukua muda mrefu.

Anayekuja kutembea asikate tamaa, kwani bado yapo mengi ya kuona. Aanzie Mkunazini asubuhi, kabla ya makundi ya wageni, katika kanisa kuu la Kianglikana ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, chini ya Askofu Edward Steere. Altare iko palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Asiharakishe pale. Kisha aende Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kufukuzwa, na amalizie Hamamni, kwenye mabafu ya zamani. Mapapasi, yaani vijana wanaowaandama wageni wakitafuta malipo, watamfuata; awajibu kwa adabu na aendelee na njia yake. Shangani sitasema mengi: nyumba nilizozijua zikiwa na familia sasa ni hoteli, na barazani hakuna wazee.

Ninachokitaka zaidi ni kuiona Beit al-Ajaib ikirudi kuwa makumbusho. Katika ukumbi wake wa chini palikuwa na mtepe wa ukubwa kamili, chombo kilichoshonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja, na watoto wa shule walikuwa wakizunguka ubavuni mwake wakihesabu mishono kwa vidole. Tangu Mji Mkongwe uingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, tumezungumza mno kuhusu watalii. Jumba likikamilika, nawaomba wahusika watenge siku za watoto wa Unguja na Pemba kuingia bila kiingilio, na wamweke mlangoni mtu wa kuwaeleza kwa Kiswahili.