Kizazi kilitoka, na ovari pia: nilivyokabili kukoma hedhi nikiwa na miaka 41

Karatasi iliyonisaidia kuliko dawa yoyote ni ile niliyopewa siku ya kuruhusiwa kutoka wodini. Imeandikwa kwa haraka, kwa Kiingereza cha kidaktari, na nilikaa nayo miezi kadhaa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi za kliniki za watoto kabla mtu hajanisomea. Kulikuwa na mstari mmoja unaosema wametoa kizazi chote na shingo yake, na ovari zote mbili, vile vifuko vya mayai. Nyumbani tulikuwa tukisema "ametolewa kizazi", basi. Habari ya ovari hakuna aliyeitaja.

Kilichonipeleka huko ni uvimbe kwenye kizazi, ule wanaouita faibroidi. Damu ilikuwa inatoka mpaka naweka pedi mbili na kitambaa juu yake, na bado nikiinuka kwenye cherehani lazima nigeuke kuangalia kiti. Niliongezewa damu zaidi ya mara moja. Watoto watatu ninao, wa nne sikumtaka, kwa hiyo dokta aliposhauri kizazi kitolewe sikumbishia. Mpaka leo sijutii. Nalisema mapema kwa sababu wapo wanawake wakisikia habari za baada ya operesheni wanaahirisha, huku damu inawaishia.

Waliponifungua walikuta ovari ya kushoto ina uvimbe wa maji na ya kulia imenatana na utumbo, mambo ambayo ultrasaundi haikuyaonyesha vizuri. Fomu ya ridhaa niliyoweka sahihi iliwaruhusu kufanya watakaloona ni lazima, na ninaamini ilikuwa lazima. Ila kumweleza mgonjwa ni kazi nyingine, na hiyo haikufanyika. Aliyepita raundi asubuhi aliniambia kila kitu kimekwenda salama, akahamia kitanda cha jirani.

Joto lilianza kabla kidonda hakijafunga vizuri. Hapa kwetu Tanga kaskazi ilikuwa imeshika, kila mtu anajipepea, kwa hiyo nikisema nasikia joto naambiwa, "Nani hasikii?" Lakini joto la kaskazi mtu analijua: linapanda na jua, upepo wa bahari ukivuma jioni linapoa. Hili langu lilikuwa linaanzia kifuani, linapanda shingoni mpaka masikioni, moyo unakwenda mbio, jasho linanitoka kama nimemwagiwa ndoo ya maji. Dakika chache baadaye limekwisha, nguo imelowa, nami nasikia baridi. Usiku ndiyo lilikuwa linakuja kwa fujo.

Nikapimwa malaria, hakuna. Nikapimwa presha, imepanda kidogo, nikaambiwa nipunguze chumvi na mawazo. Wifi yangu akaniita pembeni: "Wifi, hilo si joto, hicho ni kitu." Mama mkwe akaleta mtu wa kunisomea. Nilisomewa, na roho ilitulia kweli, siwezi kusema uongo. Jasho la usiku lilibaki palepale.

Kazini ndiko nilikoumia zaidi. Mimi ni fundi wa nguo za kike, na kabla ya Ramadhani harusi zinakuwa nyingi, kwa hiyo mezani kuna satini tu. Tone la jasho likidondoka kwenye satini ya rangi ya maziwa linaacha duara ambalo pasi hailitoi. Nilijifunza kulisikia joto linapokaribia: naondoa mguu kwenye pedali, nasukuma kiti nyuma, nakunja mikono mpaka lipite. Msichana ninayemfundisha kazi akaizoea hali hiyo, akiniona nimeanza kuwa mwekundu wa macho anaivuta nguo mwenyewe bila kuambiwa. Nikafunga kitambaa cha pamba kichwani na vingine viwili kwenye viganja, na pasi nikamwachia yeye.

Na akili nayo ikawa nzito. Nampima mteja kiuno, nikigeuka kuchukua kalamu namba imepotea. Siku hizi nikipima nasema kwa sauti, msichana anaandika. Wateja wanadhani ni utaratibu wa kisasa.

Aliyenisomea karatasi ni mtoto wa dada yangu, wakati huo anasomea uuguzi. Aliisoma, akarudia, akaniuliza, "Mama mdogo, walikwambia kama ovari zote mbili zimetoka?" Nikamwambia sijui hata zinakaa wapi. Wiki ileile akanipeleka kwa daktari wa wanawake, mama mmoja mtu mzima, akanichorea kwenye kipande cha karatasi.

Damu ya mwezi inatoka kwenye kizazi, akasema, lakini homoni ya kike, estrojeni, inatengenezwa na ovari. Mwanamke akitolewa kizazi ovari zikabaki, hedhi inakoma lakini homoni zinaendelea, ingawa ovari hizo zinaweza kuchoka mapema kuliko ambavyo zingechoka. Zikitolewa zote mbili, estrojeni inaporomoka mara moja. Kwa njia ya kawaida wanawake wengi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na homoni zinapungua taratibu kwa miaka, mwili unapata nafasi ya kuzoea. Mimi nililala kwenye meza ya operesheni nikiwa nazo, nikaamka sinazo. Sehemu ya ubongo inayoongoza joto la mwili inayumba estrojeni ikikosekana, inadhani mwili umechemka, inafungua jasho. Nilijisikia nafuu kusikia hivyo tu, hata kabla ya dawa.

Kilichonishtua ni alivyoendelea. Joto halikuwa kubwa machoni pake. Aliwaza mifupa na moyo, maana mwanamke anayekosa estrojeni mapema mifupa yake huanza kupungua uzito mapema, na hatari ya ugonjwa wa moyo inapanda. Kwa umri wangu, alisema, kama hakuna kizuizi, ni bora nirudishiwe homoni ambayo mwili wangu ungekuwa nayo bado, mpaka nifike kama miaka 50 au 51, kisha tutazame upya. Akaniuliza kama ukoo wetu una saratani ya matiti, kama nimewahi kuganda damu mguuni, kama nimepata kiharusi au nina ugonjwa wa ini. Akanipima presha mara mbili na kunikagua matiti. Ningejibu ndiyo kwa baadhi ya hayo, mazungumzo yangekwenda njia nyingine. Kuna vidonge visivyo vya homoni vinavyopunguza joto, akanitajia.

Nilitoka na cheti mkononi na hofu kifuani, maana kila niliyemwambia alisema homoni zinaleta saratani. Nilirudi kwa daktari na swali hilo. Hofu hiyo, akaniambia, ilienea tangu mwaka 2002, pale utafiti mkubwa wa Marekani, wa wanawake wa miaka 50 hadi 79, ulipositishwa sehemu moja. Waliosimamishwa mwaka huo ni wenye kizazi, waliokuwa wakimeza estrojeni pamoja na projestini, homoni ya pili ya kulinda ukuta wa kizazi, na kwao saratani ya matiti iliongezeka kidogo. Sehemu ya waliotolewa kizazi, waliopewa estrojeni peke yake, ilisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu ya kiharusi. Saratani ya matiti kwao haikuongezeka. "Na wewe una miaka 41," akasema, "wale wengi wao wangekuwa mama zako." Nilikubali.

Kuipata dawa yenyewe ni hadithi nyingine. Aliniandikia jeli ya estrojeni ya kupaka, kwa kuwa inapita kwenye ngozi bila kuanzia kwenye ini, na hatari ya damu kuganda ni ndogo kuliko ya vidonge. Maduka ya dawa niliyopita hawakuwa nayo. Duka moja kijana alinipa vidonge vya uzazi wa mpango, "mama, ni kitu kilekile." Si kilekile: homoni ni za aina nyingine na nguvu yake ni nyingine, na daktari aliniambia nivirudishe. Mwishowe ikapatikana Dar es Salaam, mdogo wangu huko ananitumia kwa basi kama parseli, na ikichelewa natumia vidonge vya estrojeni alivyoniandikia kwa dharura. Bei inauma. Nimeiingiza kwenye hesabu za kazi pamoja na uzi na umeme.

Napaka asubuhi baada ya kuoga, paja la nje, leo kulia kesho kushoto. Nakaa mpaka ikauke ndipo navaa, kisha naosha mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto wangu wa mwisho, maana dawa hiyo inaweza kuhamia kwa mwingine kupitia ngozi. Baada ya wiki chache nililala usiku mzima kwa mara ya kwanza. Joto halikuisha kabisa, ila linakuja mara mojamoja na halinitoi tena kitini.

Yapo madogo niliyoyapata mwenyewe. Gauni la kulalia la nailoni nililitupa, nalala na kanga. Chandarua kinazuia upepo, kwa hiyo feni niliihamishia miguuni, karibu, ipige chini ya neti. Kahawa ya jioni niliiacha, na chai ya tangawizi nasubiri ipoe. Kwangu mimi vitu hivyo vinaliita joto, ingawa shoga yangu mwenye hali kama yangu anakunywa kahawa yake bila shida. Dagaa wakavu nawala wazima na mifupa yao, na mtindi kila nikiupata, kwa ajili ya madini ya chokaa ya mifupa. Jua nalo linasaidia mifupa: mimi navaa baibui na nashinda ndani kwenye cherehani, kwa hiyo asubuhi nakaa uani mikono na miguu wazi nikiwa naanika nguo. Na sokoni naenda kwa miguu, narudi na kikapu changu mwenyewe. Bajaji nimeiacha kwa siku za mvua.

Sasa la chumbani, ambalo watu hawalisemi. Ukavu ulinitesa kuliko joto. Tendo la ndoa likawa maumivu, nikawa nakwepa, baba watoto akadhani nimemchoka. Mkojo nao ukawa unawasha, nikatibiwa U.T.I. tena na tena, hata pale kipimo kilipoonyesha mkojo safi. Kumbe ngozi ya ukeni na ya njia ya mkojo inakuwa nyembamba ikikosa estrojeni. Jeli ya mwili haikutosha huko. Nikaongezewa krimu ya estrojeni ya kuweka ukeni, na mafuta ya kulainisha yanayotengenezwa kwa maji. Baba watoto nilimpeleka kwa daktari akaelezwa na mtu mwingine, kwa sababu mimi nikieleza nilikuwa naishia kulia. Alisikiliza, njiani hakusema kitu, usiku akaniambia, "Ungeniambia unaumia, mama, mimi ningejuaje?"

Kwa hasira kidogo niseme hili. Wapo wanaotupitishia dawa za kubana, na wengine wanasifu shabu. Ngozi iliyokauka ukaiwekea shabu unaichana. Na ule unga wa kopo lisilo na maandishi, unaouzwa kwa wenye "matatizo ya kizazi", mimi nimeuziwa, na kizazi chenyewe sinacho. Nilipomwambia muuzaji hivyo alisema utakiotesha.

Ramadhani ya kwanza baada ya operesheni nilifunga mwezi mzima, bila siku za kulipa. Mama mkwe alinisifu mbele ya watu. Nilifurahi, na nikaingia chumbani nikalia pia, sijui kwa lipi hasa. Mchana kiu ilikuwa kali kwa jasho, kwa hiyo nilikunywa maji taratibu tangu kufuturu mpaka daku, na tarawehe niliswali nyuma karibu na mlango.

Bado viungo vinakaza asubuhi, vidole hasa, na hamu ya tendo haijarudi kama zamani. Ovari zilikuwa zinatoa pia homoni nyingine inayosaidia hapo. Kila mwaka narudi kupimwa presha na matiti, na tunaangalia kama dozi ibaki au ibadilike.

Wifi yangu yuleyule sasa ana miaka 49, naye ameanza kuamka usiku amelowa. Juzi kanipigia simu: "Wifi, ile jeli yako nimegee kidogo." Nimemkatalia. Yeye kizazi anacho, na mwenye kizazi akitumia estrojeni peke yake ukuta wa ndani wa kizazi unanenepa, unaweza kugeuka saratani. Lazima apewe na projesteroni ya kuulinda. Dawa yangu kwake ni hatari. Alinuna, akasema mimi nimekuwa mchoyo tangu nipate daktari wangu. Alhamisi nampeleka akamwone.