Jeni Yetu Ni Ndefu Mno

Nikiwa mtoto niliamini hakuna anayeona chochote gizani. Taa zikizimwa nilimshika dada begani, kumbe naye alikuwa anapapasa.

Nilikuwa na miaka 27 daktari wa macho alipoutaja ugonjwa: retinitisi pigmentosa. Chembe za retina, utando wa nyuma ya jicho, zinazoona kwenye mwanga hafifu hufa kwanza, kisha uoni wa pembeni hujifunga taratibu mpaka unakuwa kama unachungulia kwenye bomba. "Ni wa kurithi, hauna dawa," akasema. Nilikaa na maneno hayo miaka mitatu bila kumwambia mtu.

Kilichonitoa humo ni kikundi kidogo cha wenzangu wenye ugonjwa huu. Mzee mmoja alinisihi nianze fimbo nyeupe ningali naona, mkono uizoee. Sikumsikiliza, mpaka siku nilipomwangusha mtoto aliyekuwa pembeni yangu kabisa. Hao hao ndio walionihimiza nipime vinasaba. Kasoro katika jeni, yaani vipande vya vinasaba, zaidi ya 80 zinaweza kuleta ugonjwa huu, na asiyeijua yake ni vigumu kuitwa kwenye utafiti unaomhusu.

Majibu yakaja: USH2A. Jeni hii huweza kudhuru masikio pia, kwa hiyo mimi na dada tukapimwa usikivu. Lakini kazi kubwa ilikuwa kwa mama. Aliuliza swali moja tu: "Ni mimi niliyewapa?" Mshauri wa vinasaba akamweleza bila haraka kwamba yeye na baba walibeba kila mmoja nakala moja yenye kasoro, macho yao yakiwa mazima, na kila mtoto wao alikuwa na uwezekano wa moja kati ya nne wa kuzirithi zote mbili. Mama aliielewa hesabu, ila hakuacha kulia.

Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha Luxturna, tiba ya kupandikiza jeni isiyo na kasoro kwenye retina. Ni ya jeni ya RPE65 peke yake. Jeni hiyo hufikishwa machoni na kirusi kisicho na madhara, nacho hubeba herufi za vinasaba kama 4,700 tu. Yetu inahitaji zaidi ya 15,000, haienei. Niliumia, kisha nikapata nguvu kujua kuwa kuna watafiti wanaojaribu kukiruka kipande chenye kasoro badala ya kuibadilisha jeni yote.

Ndiyo maana kila mwaka ninaenda kupimwa, nabonyeza kitufe kila nikiona nukta ya mwanga. Bila kujua macho yetu yanapungua kwa kasi gani yasipotibiwa, hakuna atakayeweza kusema dawa imesaidia. Kikundini tunakumbushana pia: anayekutoza pesa nyingi akikuahidi nafasi kwenye majaribio ya tiba, mkimbie.

Mkutano uliopita mama alikuja. Alikaa karibu na mama mwingine ambaye mwanawe ndiyo kwanza amepata majibu, akamshika mkono, akaanza kumweleza ile hesabu ya moja kati ya nne.