Mpigo mmoja kati ya laki

Saa tisa usiku. Macho yananiuma, lakini bado nimebakiza picha kama mia mbili. Kila moja inaonyesha mpigo wa redio ambao programu imeudhania kuwa umetoka kwenye pulsa changa ninayoifuatilia, yaani mabaki ya nyota iliyolipuka, yanayozunguka kwa kasi na kutupa mapigo ya redio.

Karibu zote nazikataa. Kwanza natafuta mkunjo, yaani mstari unaopinda kwenye picha, ambamo muda uko kwa ulalo na masafa ya redio kwa wima. Mpigo wa kutoka mbali hupita kwenye elektroni zilizotapakaa kati ya nyota, nazo huyachelewesha masafa ya chini kuliko ya juu. Kwa pulsa ya Nebula ya Kaa (wingu la gesi lililobaki baada ya nyota kulipuka), iliyo umbali wa miaka ya nuru 6,500 hivi, mawimbi ya megahezi 400 hufika sekunde moja na ushei baada ya yale ya megahezi 1400. Muda huo nyota yenyewe imeshajizungusha kama mara 40! Mstari uliosimama wima ni wa hapa hapa duniani: rada, simu, cheche za umeme. Usiku huu nimeona wima tupu.

Wengi wetu tumezoea kujumlisha maelfu ya mizunguko ili mdundo dhaifu ujitokeze. Njia hiyo naiheshimu, ila inameza majitu, yaani mapigo makubwa kupita kiasi yanayotokea mara chache. Pulsa ya Kaa huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa saa. Ligawe jitu moja kwa laki uone kinachobaki. Na pulsa hiyo, mabaki ya nyota ambayo Wachina waliiona ikilipuka mwaka 1054, iligunduliwa mwaka 1968 kule Green Bank, Marekani, kwa mapigo yake makubwa yaliyochomoza moja moja.

Kuna mapigo ya aina hiyo yaliyopimwa yakidumu nanosekunde 2 tu, yaani sehemu mbili za bilioni za sekunde. Katika muda huo nuru husafiri sentimita 60. Kwa hesabu nyepesi, kilichowaka hakiuzidi upana wa meza hii ninayoandikia, na bado tunakisikia. Hilo huwa linanisimamisha kila nikilifikiria. Ajabu ni kwamba pulsa changa nyingi hazijaonyesha chochote cha namna hiyo, na sababu yake ndiyo ninayoitafuta.

Picha ya 143 ina mkunjo. Hafifu, lakini unapinda kwa kiasi kile kile cha pulsa yangu. Nimeandika namba yake daftarini. Kesho nitapima uliangukia sehemu gani ya mzunguko.